Nani Alikuchagulia Zilipendwa Zako?

Angalia umri wa vitu tunavyotumiana kwenye magrupu ya WhatsApp, utaona jambo la ajabu kidogo. Mtu wa Dar es Salaam, Morogoro au Tanga akidondosha wimbo Jumapili asubuhi, mara nyingi ni wa bendi za miaka ya 1970 au ya 1980: NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Mlimani Park, Maquis, Vijana Jazz. Baada ya wimbo hufuata kichekesho, na hapo umri unashuka ghafla. Ni Mzee Majuto anazozana na mtu mlangoni, au mchekeshaji Joti kavaa gauni, au kipande cha kipindi cha televisheni cha Ze Comedy. Vitu vya miaka ya 2000. Kati ya wimbo na klipu kuna pengo la miaka 20 hadi 30, na wanaotuma ni watu wale wale, wenye mvi zile zile.

Ingia sasa kwenye grupu la Wakenya wa rika hilo. Wimbo una umri uleule, pengine ni uleule hasa, maana muziki ulikuwa unavuka Namanga na Horohoro bila kuulizwa pasipoti. Lakini kichekesho ni Vitimbi au Vioja Mahakamani, vipindi vya zamani vya televisheni ya Kenya: Mzee Ojwang na Mama Kayai, rangi zimechujuka, sauti inakwaruza. Kwani Watanzania wa miaka ya 1980 hawakucheka? Walicheka sana. Hakukuwa na aliyewapiga picha wale waliowachekesha.

Tunapotumiana vitu hivi tunaamini moyo ndio umechagua. Mimi naona moyo ulikuta meza imeshaandaliwa. Waliotangulia kuchagua ni wenye studio, wenye kamera na wenye kutoa vibali, na sisi tunachagua katika kile walichobakiza.

Tuanze na kamera. Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962, kabla hata ya uhuru. Zanzibar ikapata yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara tulikaa bila televisheni mpaka 1994, ITV na wenzake walipowasha mitambo. Serikali ya Mwalimu iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, na kwa hali ya mfuko wa nchi wakati ule siwezi kusema ilikosea. Ila uamuzi ule una matokeo ambayo leo tunayaona kwenye simu zetu. Mchekeshaji wa Nairobi wa mwaka 1986 alikuwa na kamera ikimsubiri studio. Mwenzake wa Dar es Salaam alikuwa na maikrofoni ya redio, au jukwaa, basi.

Redioni walikuwepo Pwagu na Pwaguzi, ambao nchi nzima iliwajua kwa sauti na wachache sana waliwajua kwa sura. Jukwaani vilikuwepo vikundi vya maonyesho kama Muungano, ambako kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, sarakasi, muziki na kichekesho, watu wamekaa kwenye viti vya baa, chupa mezani, wanamjibu mwigizaji kwa sauti naye anawajibu. Mtu aliyevunjika mbavu pale mwaka 1988 hana cha kututumia leo. Anaweza kusimulia, lakini kichekesho cha kusimuliwa kwenye grupu hakichekeshi. Utapewa kidole gumba kwa heshima ya umri wako na mazungumzo yataendelea.

Kwa hiyo anatuma Majuto. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya mzee yule kuendelea kutawala simu za watu. Majuto, jina lake halisi Amri Athumani, mtu wa Tanga, alikuwa mwigizaji wa jukwaani miaka mingi kabla kanda za video hazijamfikia, na zilipomfikia akaingia nazo na jukwaa lake lote. Mtazame vizuri. Akiulizwa swali hajibu mara moja. Kwanza anageuza shingo, anamwangalia aliyeuliza kuanzia miguuni, anarudia swali lenyewe kwa sauti ya mshangao, ndipo anajibu jambo lingine kabisa. Hilo pozi la katikati ni la ukumbini. Ni nafasi anayowaachia watu wamalize kucheka, ingawa kwenye filamu hakuna watu. Mwenye miaka 60 akiona pozi lile anapata vichekesho vyote vya miaka ya 1980 ambavyo havikurekodiwa. Kijana anapata mzee mkorofi. Wote wanabonyeza kicheko kile kile cha machozi.

Kwenye muziki mambo yalikwenda kinyume, na ndiyo maana nyimbo zetu ni za zamani kuliko vichekesho vyetu. Bara hatukuwa na kiwanda cha santuri. Bendi iliyotaka santuri ilifunga safari ya Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, safari hiyo ikawa shughuli pevu. Kilichokuwepo ni studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilipeleka mashairi yakakaguliwa, ikapangiwa siku, ikaingia na magitaa, tarumbeta na tumba, ikapiga wote kwa pamoja. Wimbo haukurekodiwa ili uuzwe, ulirekodiwa ili upigwe hewani. Tepu ikabaki maktaba ya redio.

Matokeo yake ni akiba kubwa mno ya muziki wa dansi, iliyokusanywa na mwajiri mmoja, kwa vipimo vya mwajiri huyo. Tena kwa miongo karibu mitatu hapakuwa na redio nyingine ya ndani ya kushindana nayo Bara. Watu huwa hawaitaji sababu hii wanaposema muziki wa zamani ulikuwa na nguvu ya kuunganisha watu. Wimbo ukipigwa saa nane mchana, ulisikika kwa fundi cherehani wa Kigoma na kwa karani wa Mtwara kwa wakati mmoja, kwa sababu hapakuwa na kwingine pa kugeuzia redio. Ubora wa Marijani Rajabu ni kweli, sauti ya Bichuka ni kweli. Lakini kile kinachofanya watu 200 kwenye grupu wajibu kwa pamoja “umenikumbusha mbali” ni ukiritimba wa masafa. Mtoto aliyezaliwa 2005 ana nyimbo anazozipenda kama sisi, pengine kuliko sisi. Asichonacho ni watu 200 waliosikiliza kitu kimoja siku moja.

Ukitaka ushahidi kwamba kupendwa peke yake hakutoshi kuufikisha muziki kwenye grupu, chukua soul ya Wamarekani weusi. Vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1960 waliipenda kiasi kwamba Novemba 1969 ikapigwa marufuku mjini, kwa hoja kwamba inaharibu maadili na utamaduni wa taifa. Kitu kisichopendwa hakipigwi marufuku. Leo lini mara ya mwisho mzee wa rika lile akatuma soul kwenye grupu la ukoo na kuandika “enzi zetu”? Anatuma NUTA. Kile alichokicheza kwa siri mpaka viatu vikatoboka amekiacha nje, kwa sababu si sehemu ya “enzi zetu” zilizotunzwa na redio.

Hali hii haikuanza na redio. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, tunamsikia mpaka leo kwa sababu mwaka 1928 kampuni ya santuri ilimsafirisha yeye na wenzake mpaka Bombay wakarekodi. Zanzibar ile haikuwa na mwimbaji mmoja. Lakini meli iliwachukua wale, na waliobaki gatini wamebaki kwenye simulizi.

Sasa, tuseme tumekubali kwamba mashine ilichagua kabla yetu. Kuna jambo moja ambalo halikuwa la mashine, na hilo tumeliharibu wenyewe: jina.

Waliosikiliza redio zamani wanakumbuka kadi za salamu. Kabla hujamtumia rafiki wimbo kwa kidole, ulimtumia kwa kadi. Uliandika jina lako na sanduku lako la posta, ukaorodhesha watu unaotaka salamu ziwafikie, ukaandika ujumbe, ukataja wimbo na bendi, ukatia posta, ukasubiri. Mtangazaji akija kuisoma anasoma yote: fulani wa S.L.P. fulani Morogoro anawasalimu shemeji zake wote wa Kihonda, mama mkubwa wa Mikese, na kila anayemfahamu, ujumbe wake anasema mvumilivu hula mbivu, anaomba apigiwe wimbo wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wagonjwa hospitalini walikuwa na kipindi chao, Ugua Pole. Kulikuwa na watu waliojulikana nchi nzima kwa kutuma salamu tu, wenye majina ya kujibandika, wasiowahi kuonana, wakiitana ndugu. Tunapodhani kwamba urafiki wa watu wasioonana ulikuja na intaneti tunawasahau wale.

Linganisha na kinachofika leo. Faili linaitwa AUD-20190614-WA0012. Tarehe hiyo haina uhusiano wowote na wimbo. Ni siku ambayo sauti ile ilipita kwenye simu fulani. Hakuna bendi, hakuna mtunzi, hakuna mwaka. Ukifungua, sekunde tatu za mwanzo ni mkia wa sauti ya mtangazaji, kwa sababu mtu mmoja zamani alikaa karibu na redio yake, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, na hakuwahi kupata mwanzo safi. Kisha gitaa la solo linaingia likiwa linayumba kidogo, tepu ilishavutika. Nyimbo nyingi tulizonazo zilitoka maktaba ya redio kwa mlango huo: hewani, kaseti ya nyumbani, kaseti ya duka la kudabu, kompyuta ya mtu, YouTube, halafu kwako. Katika kila mlango maandishi yaliachwa nje na sauti ikaingia peke yake.

Wanaopandisha YouTube huongeza picha moja isiyotikisika, na picha hiyo mara nyingi ni ya watu wengine kabisa. Nimeona wimbo wa Les Wanyika umewekewa picha na jina la Simba Wanyika mara nyingi kiasi kwamba nadhani wapo wanaoamini ni bendi moja. Ni kweli zina undugu: ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, wakafika Nairobi wakaunda Simba Wanyika, na Les Wanyika ilizaliwa na waliojiengua humo mwaka 1978. Ila aliyejiengua alikuwa na sababu, na kumrudisha kwa bosi wake wa zamani baada ya miaka 40 ni kumkosea.

Mtu atasema haya ni mambo ya wapenda ubishi. Muulize yeyote aliyefuatilia ugomvi wa “Malaika”. Wimbo umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M, umeimbwa kwenye harusi za watu wasiojua Kiswahili, na mpaka leo kuna wanaosema mtunzi ni Fadhili William na wanaosema ni Adam Salim. Jina lililoandikwa kwenye karatasi mapema ndilo lililokaa karibu na pesa. Wanamuziki wetu wengi wa dansi walikuwa waajiriwa wa bendi zilizomilikiwa na jumuiya, mashirika au wafanyabiashara. Hawakumiliki hata gitaa walilopigia. Walichokuwa nacho ni kutajwa, na baadhi yao walijitaja ndani ya wimbo wenyewe, katikati ya mapigo, kana kwamba walijua.

Kwa Majuto karatasi ilikuja kuwa habari ya taifa. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, ilibidi waziri mwenye dhamana ya sanaa aunde kamati ya kuangalia mikataba ya wasanii, baada ya kelele kwamba sura yake inatumika na kuingiza fedha yeye akiwa hana kitu. Alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huo. Oktoba, WhatsApp ikaleta stika, na uso wake ukawa mmoja wa nyuso zilizokatwa na kubandikwa kila mahali. Wapo vijana wanaomjua kama jibu la “haa, kumbe!” tu. Sisemi stika ni dhambi. Mimi mwenyewe ninazo. Nasema ni matumizi ya mwisho ya mtu ambaye kila aliyemtumia alimkata kipande kidogo zaidi ya aliyemtangulia.

Kukata ndiko kunakoumiza vichekesho kuliko muziki. Wimbo ukikatwa unabaki na kibwagizo, na kibwagizo kinajitosheleza. Vioja Mahakamani imejengwa kwenye mahojiano: mshitakiwa anajenga uongo wake tofali kwa tofali, karani anaandika, hakimu anavumilia, halafu nyumba nzima inaanguka kwa swali moja. Ukikata sekunde 30 za stetasi unabaki na nini? Unabaki na lafudhi. Mluo anasema Kiswahili hivi, Mluhya anasema hivi. Kipindi kilitumia lafudhi, hilo halikataliki, na si kila utani wake ulikuwa mzuri hata wakati ule, hasa ukiwahusu wanawake. Lakini kwenye kipindi kamili yule mwenye lafudhi mara nyingi ndiye mjanja kuliko mahakama nzima. Kwenye klipu amebaki kichekesho kwa ajili ya kabila lake. Ze Comedy nayo imepata hasara ya aina nyingine: utani wake mwingi ulikuwa wa kuigiza viongozi na watangazaji wa siku zile, na mtoto asiyemjua anayeigizwa anaona mtu mzima anaongea vibaya kwenye suti kubwa.

WhatsApp yenyewe ina hesabu zake. Tangu 2018 inaweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na tangu Aprili 2020 kile kilichozunguka sana unaruhusiwa kukipeleka kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mkupuo, na kinakuja na mishale miwili. Lengo lilikuwa uzushi, si Mlimani Park. Hata hivyo angalia kinachotunzwa: programu inajua kitu kimepita mikono mingi, na inaona umuhimu wa kukuambia hivyo. Nani alipiga solo, haijui.

Anayejua yupo kwenye grupu, na mara nyingi ni mmoja. Yule mzee ambaye hatumi salamu za asubuhi wala maua, anaibuka tu pale kosa linapotokea. “Hapana. Huyo ni Marijani, lakini hapo yuko Safari Trippers, Dar International bado.” Kisha anaongeza ujumbe wa sauti wa dakika nne: nani alikuwa besi, nani alihamia Maquis, ukumbi gani, na kwa nini mtunzi aligombana na yule dada anayetajwa kwenye beti la pili. Kwangu mimi ujumbe ule una thamani kuliko wimbo. Wimbo uko YouTube mara 15. Ujumbe wa mzee upo mahali pamoja, na kesho yake saa moja asubuhi umeshafunikwa na picha ya maua na “Jumatatu njema”. Mwaka 2012 kuna waliochangisha fedha mtandaoni ili tepu za redio ya taifa ziingizwe kwenye kompyuta, na ilikuwa kazi ya maana. Sijaona aliyechangisha kwa ajili ya hawa wazee wa dakika nne. Ingetosha mtu mmoja kwenye kila grupu kunakili ule ujumbe na kuupa faili jina la kibinadamu: bendi, mtunzi, mwaka kama unajulikana. Dakika mbili, bando haliguswi.

Rika linalofuata lina tatizo lililogeuzwa chini juu. Kila mmoja wao ana kamera, kwa hiyo hakuna kichekesho kitakachopotea kwa kukosa wa kukirekodi. Kitapotea kwa njia nyingine. Vine, uliokuwa mtandao wa vichekesho vya sekunde sita, ulifungwa Januari 2017. Machi 2019 ikajulikana kwamba mtandao wa MySpace umepoteza nyimbo zilizopandishwa kwa zaidi ya miaka 10, kwa mamilioni, wakati wa kuhamisha seva. Viungo tulivyopakulia Bongo Fleva mwaka 2010 vingi havifunguki tena. Hivyo mimi ninao wimbo wa NUTA Jazz uliorekodiwa kabla sijazaliwa, na sina wimbo nilioupakua mwenyewe nikiwa mtu mzima.

Tepu ya redio ya mwaka 1975 ilikuwa na rafu, namba na mtumishi wa serikali wa kuilinda, hata kama paa lilivuja. Klipu ya mchekeshaji wa Dar es Salaam ya mwaka jana iko kwenye akaunti yake ambayo kampuni ya ng'ambo inaweza kuifunga bila kumwuliza, na iko kwenye simu za watu kama mimi, ambao nafasi ikijaa tunaanza kwa kufuta video.